Siku ya Nne Baada ya Sindano ya Goti

Leo nataka tukae na jambo moja tu, nalo ni ile sindano ya steroidi inayochomwa ndani ya kiungo. Huku kwetu Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Mwananyamala na Tegeta, watu huiita sindano ya goti, hata ikichomwa begani. Wengi mnaonisikiliza mmeshachomwa, au mna mama, shangazi au jirani aliyechomwa. Na mimi ninayefanya kazi ya mazoezi tiba, nikiulizwa ni siku ipi inayonitia wasiwasi kuliko zote katika tiba hiyo, jibu langu ni siku ya nne.

Siku ya kwanza mgonjwa yuko mikononi mwa daktari. Siku ya pili anaumwa, kwa hiyo atatulia hata asipoambiwa. Siku ya nne, au ya tano, anaamka, anakanyaga chini, na yale maumivu aliyolala nayo kwa miezi hayapo. Anamshukuru Mungu, na ana haki ya kushukuru. Kisha anabeba ndoo ya maji. Anapika uji wa kuuza, anasimama kutwa nzima jikoni, anakwenda sokoni kuchukua mzigo, jioni anahudhuria msiba na kukaa chini mkekani. Kazi zote zilizokuwa zimelala miezi mitatu anazifanya siku moja. Goti lile halijapona, msikilizaji. Limenyamaza, na kelele zake ndizo zilizokuwa zikimzuia asijiumize.

Tuanze na kilichomo ndani ya bomba la sindano, kwa sababu nimesikia mengi. Wapo wanaosema goti limekwisha mafuta na sindano inaongeza mafuta. Hapana. Ipo sindano nyingine inayoweka ute ndani ya goti, lakini hiyo si hii. Wapo wanaoogopa wakisikia jina steroidi, wakidhani ni zile za vijana wanaonyanyua vyuma. Hizo nazo ni familia nyingine kabisa. Hii ya kiungo ni ndugu wa homoni ambayo miili yetu hutengeneza kila siku kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe. Ndani ya goti kuna utando mwembamba unaotengeneza ute wa kulainisha. Utando huo ukichokozwa na ugonjwa, huvimba, humwaga maji mengi, hupata joto na huuma. Steroidi inautuliza. Hairudishi gegedu iliyolika, wala hainyooshi mfupa uliopinda. Inazima moto.

Tiba hii ina historia fupi inayofaa kusikilizwa. Mwezi Septemba 1948, kule Rochester nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotizoni, steroidi ya familia hii hii, mwanamke mmoja aliyekuwa amefungwa kitandani na baridi yabisi. Siku chache baadaye mwanamke yule alinyanyuka, akatoka, akaenda mjini kufanya manunuzi. Dunia nzima ilishangaa, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia akaeleza jinsi ya kuchoma dawa ya aina hiyo moja kwa moja ndani ya kiungo, ili ifanye kazi pale pale bila kuusumbua mwili mzima. Lakini miaka iliyofuata madaktari walijifunza kwa uchungu kwamba ugonjwa hurudi dawa ikiisha, na kwamba dawa ikitumiwa ovyo huleta madhara yake. Mimi nikiisoma habari ya yule mwanamke aliyekwenda dukani, namwona mama wa Tandika siku yake ya nne. Furaha ni ile ile, na haraka ni ile ile.

Sasa turudi kwenye siku ya kwanza. Ukitoka kwa daktari goti lako lina ganzi, kwa sababu mara nyingi steroidi huchanganywa na dawa ya ganzi. Ganzi hiyo huisha baada ya saa chache. Mtu atatoka hospitali saa nne asubuhi akiwa mwepesi, awaeleze abiria wenzake ndani ya daladala kwamba amepona, halafu saa kumi na mbili jioni maumivu yarudi, aseme ameharibiwa. Hajaharibiwa. Ganzi imekwisha na steroidi haijaanza. Kwa wengi steroidi huanza kusikika baada ya siku mbili tatu, kwa wengine inachukua wiki nzima au mbili. Na kuna watu ambao katika siku hizo mbili za mwanzo kiungo huwauma kuliko hata kabla ya sindano. Vichembe vya dawa vinauchokoza utando kwa muda, kiungo kinajaa kidogo na kupata joto, kisha kinapoa chenyewe.

Katika siku hizo, tumia barafu. Hizi barafu za mfuko zinazouzwa kila mtaa zinatosha: zungushia kitambaa, weka juu ya goti dakika 15 hivi, ondoa, rudia baada ya saa kadhaa. Ukihitaji dawa, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili, mara tatu kwa siku, inawatosha watu wazima wengi wasio na ugonjwa wa ini. Usikimbilie diklofenaki kama una presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Na tafadhali, mama zangu na bibi zangu, goti lisikandwe. Najua mapenzi yaliyomo kwenye ile sufuria ya maji ya moto na majani. Lakini ngozi imetobolewa, tundu lile ni njia ya vidudu, na maji ya moto na kusugua huongeza uvimbe. Liacheni goti siku mbili. Kuoga ni ruhusa, kulowesha ndani ya beseni au kwenda kuogelea Kigamboni subirini.

Safari ya kurudi nyumbani nayo ipangwe. Usipande bodaboda ukatanua mguu wenye ganzi ambao huusikii. Usiendeshe gari mwenyewe siku hiyo. Chukua bajaji kama mfuko unaruhusu, au mwenzako aje akusindikize, na omba miadi ya saa ambazo magari hayajajaa. Kusimama saa mbili kwenye foleni ya kurudi Chamazi, ukining'inia kwa mkono mmoja, si mapumziko hata kidogo.

Mapumziko yenyewe ni marefu kiasi gani? Kwa goti, ninawaambia watu siku ya kwanza wakae kabisa, siku ya pili watembee humo ndani tu, chooni na mezani, na wasifanye kazi nzito kwa siku tano hadi saba. Si jambo la kubuni. Mwaka 1994 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye magoti yaliyovimba kwa baridi yabisi na magonjwa ya aina hiyo: waliopumzishwa kitandani saa 24 baada ya sindano walikuwa na hali nzuri zaidi hata miezi mingi baadaye kuliko walioachwa waendelee na shughuli zao. Siku moja ya kukaa kitako, faida ya miezi. Kwa mtu mwenye goti la kusagika kwa umri, ushahidi wa kupumzika si mzito hivyo, lakini sijaona aliyepoteza kitu kwa kutulia siku mbili.

Na kama sindano imepigwa pembeni mwa kano, yaani begani, kwenye kiwiko au chini ya kisigino, subira iwe ndefu zaidi. Steroidi hudhoofisha kano kwa muda. Kano iliyodhoofika ikivutwa kwa nguvu inaweza kukatika. Kwa hiyo mbeba mizigo wa Kariakoo, fundi wa kumwaga zege Bunju, dada anayesuka nywele mikono ikiwa juu kutwa nzima, wote hawa wapewe wiki mbili bila kunyanyua kizito na bila kuvuta kwa nguvu.

Hapa ndipo ninapojua baadhi yenu mnatikisa kichwa. Wiki mbili atazipata wapi mama ambaye asipokaanga vitumbua alfajiri watoto hawali mchana? Ni swali la haki, na kwa muda mrefu watu wa afya tumekuwa tukilikwepa. Tunaandika kwenye karatasi “apumzike”, tunapiga muhuri, tunaita anayefuata. Mtu mwenye mshahara na likizo ya ugonjwa ataielewa karatasi ile. Mama wa Yombo anayekula alichouza leo haielewi, na si kwa ujinga.

Kwa hiyo tupange. Sindano ya kiungo karibu kila mara si dharura. Tarehe inaweza kuchaguliwa. Wengi wenu mnacheza mchezo wa kupokezana fedha, au mko kwenye vikundi vya akiba vya VICOBA. Zungumza na wenzako mbadilishane zamu, upokee wiki ile ile ya sindano. Zile fedha zikununulie siku tano za kukaa. Nimeshauri hivyo watu kadhaa, na nimeona inavyowezekana pale kikundi kina huruma. Kazi ambazo haziepukiki, zipunguze kimo: kaanga ukiwa umekaa kwenye kiti cha kawaida, si kigoda, kwa sababu kigoda kinakunja goti mpaka mwisho. Maji achote kijana. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya uzito wako mwenyewe, na goti linapopanda ngazi hubeba zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili. Fanya hesabu hiyo ukiwa unapandisha ndoo ghorofani kwa mguu uliochomwa sindano juzi.

Choo nacho kizungumzwe, hata kama ni saa ya chai. Nyumba nyingi za kupanga zina choo cha kuchuchumaa nyuma ya nyumba, na hakuna kitu kinachoonea goti bovu kama kuchuchumaa na kuinuka. Mafundi seremala wa Keko, wanaotutengenezea makabati na vitanda, wanaweza kukutengenezea kiti chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya choo hicho. Si ghali ukilinganisha na fenicha nyingine, na kitakufaa hata baada ya sindano. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaohofia swala: dini imempa nafuu asiyeweza kusimama au kusujudu, aswali ameketi. Muulize imamu wako akuelekeze. Nimewaona wazee wakibana meno katika sijda siku moja baada ya sindano, ilhali ruhusa wanayo. Na kama unatumia mkongojo, ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa goti linalouma. Karibu kila mtu hukosea hapo.

Sasa nivute pumzi, kwa sababu nakuja kwenye mambo ambayo yanaweza kuua goti au hata mtu.

La kwanza ni vidudu kuingia kwenye kiungo. Hutokea kwa nadra sana, lakini likitokea halisubiri. Yatofautishe maumivu hivi: yale ya kawaida baada ya sindano huja siku ya kwanza au ya pili, kisha hupungua. Maumivu ya usaha huongezeka. Ukiona siku ya tatu au baadaye goti linazidi kuvimba, ni la moto ukiligusa kwa nyuma ya mkono, huwezi hata kulikunja kidogo, una homa au unatetemeka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usipitie famasi kununua antibiotiki. Daktari anahitaji kuvuta maji ya goti ayapime kabla dawa haijawaficha vidudu. Usaha ukikaa siku chache ndani ya kiungo hula gegedu, na gegedu ikiliwa hairudi. Jikingeni pia mwanzoni kabisa: sindano ya ndani ya kiungo ichomwe na aliyefunzwa, mahali safi, ngozi imesafishwa vizuri. Mtu asije nyumbani na mkoba akakuchomea goti sebuleni.

La pili ni kisukari. Steroidi, hata ikichomwa gotini, sehemu yake huingia kwenye damu na kupandisha sukari kwa siku kadhaa, pengine wiki. Mwenye kisukari amwambie daktari kabla, apime sukari mara nyingi zaidi wiki hiyo, na asiache dawa zake. Kiu isiyokatika na kukojoa kila mara si “joto la Dar”. Presha nayo inaweza kupanda kidogo kwa muda. Na wanawake wasishtuke sana siku zao zikivurugika mwezi huo. Lakini aliyekwisha koma hedhi akiona damu, aende akaangaliwe.

La tatu nalisema polepole, kwa heshima. Miongoni mwetu wapo wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na baadhi yao, hasa walio kwenye dawa za mstari wa pili, wanatumia mchanganyiko wenye ritonavir. Dawa hiyo huzuia ini lisiivunje steroidi, hususan ile iitwayo triamsinoloni. Sindano moja ya goti, ambayo kwa mtu mwingine ingeisha mwilini kimya kimya, kwake inaweza kubaki kwa wiki nyingi, uso ukafura, sukari ikapanda, tezi za juu ya figo zikalala. Daktari akijua, anaweza kuchagua njia nyingine. Lakini hawezi kujua usipomwambia, na najua kwa nini watu hawasemi: umekwenda na mkwe wako, pazia ni jepesi, foleni inasikiliza. Omba kuzungumza na daktari peke yako. Ni haki yako. Andika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi umpe mkononi kama sauti inakuwa ngumu. Na sisi tulio upande wa pili wa meza tuwatoe wasindikizaji kwanza, ndipo tuulize.

Niongeze kifua kikuu hapo hapo, maana nchi yetu bado inacho. Kifua kikuu hukaa kwenye goti na nyonga pia. Goti moja lililovimba taratibu kwa miezi, na mtu anakonda, anatoka jasho usiku, lisichomwe steroidi kabla halijachunguzwa.

Haya. Tuseme siku tano zimepita salama, maumivu yametulia. Kazi yangu mimi inaanzia hapa, na ndiyo sababu hasa ya mazungumzo haya. Nafuu ya sindano hudumu wiki kadhaa, kwa wengine miezi miwili mitatu, kisha inafifia. Ni muda ulioazimwa. Ukiutumia kubebea mizigo, utakapoisha utajikuta pale pale, pengine nyuma zaidi. Ukiutumia kujenga misuli ya paja na makalio, misuli hiyo itabaki ikilibeba goti dawa ikishaondoka. Misuli ya paja la mwenye goti bovu husinyaa kwa sababu mtu anaukwepa mguu ule; huwezi kuifanyisha kazi goti likiuma, ukijaribu linagoma. Sindano inakufungulia mlango wa kuifanyisha kazi. Hiyo ndiyo thamani yake kubwa, na wengi hawaambiwi.

Mwaka 2020 jarida la tiba la New England nchini Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 156 wenye magoti ya kusagika. Nusu walipewa sindano ya steroidi, nusu fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi chini ya mtaalamu walikuwa na maumivu kidogo zaidi na walitembea vizuri zaidi. Sisemi hivi kuipiga vita sindano. Nimewaona waliokuwa hawawezi hata kuanza mazoezi mpaka walipochomwa. Lakini inaniuma kuona mtu anakwenda na kurudi kwa sindano, mwaka wa pili huu, na hajawahi kupelekwa hata mara moja kwa mtu wa mazoezi, wakati idara iko jengo la pili. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Mwananyamala na Amana zina wataalamu wa fiziotherapia, Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili wapo, hospitali ya CCBRT wapo. Chuo cha KCMC Moshi kimesomesha wengi wao. Karatasi ya sindano itoke pamoja na karatasi ya kwenda kwao. Daktari asipoiandika, msikilizaji, iombe.

Wakati unaisubiri miadi hiyo, yapo mazoezi ambayo hayahitaji mashine. Kaa kitandani, miguu imenyooka. Kunja kitenge kiwe kama mto mdogo, kiweke chini ya goti. Kandamiza kitenge kwa goti mpaka uone paja limekaza, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Hilo unaweza kulianza hata siku ya tatu. Ukilizoea, lala chali, kunja mguu mzima, nyanyua ule mwingine ukiwa umenyooka, kimo cha shubiri moja tu, hesabu tano, shusha polepole. Wiki ya pili anza la kiti: kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila kujishika, kaa tena taratibu kama unayeogopa kukikuta kiti hakipo. Mara tano mwanzoni. Wiki kwa wiki ongeza. La kiti ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalokurudisha uweze kushuka kwenye daladala bila konda kukupa mkono.

Aliyechomwa begani ana mambo yake. Inama mbele, uegemee meza kwa mkono mzima, uache mkono wenye shida uning'inie na kubembea wenyewe, duara ndogo, bila nguvu. Baada ya siku chache simama mbele ya ukuta, upandishe vidole kidogo kidogo, weka alama ya chaki ulipofika. Bega lililoganda, ambalo huwapata sana wenye kisukari, hulegea kwa miezi. Usilivute kwa hasira.

Na wale wa jogging? Nawajua nyie. Jumapili alfajiri barabara za Temeke zinajaa vikundi vyenye fulana za rangi moja, nyimbo na ngoma, na ni moja ya mambo mazuri kabisa ya mji huu. Aliyechomwa sindano ya goti asikimbie kwa wiki mbili. Baada ya hapo atembee kwa miguu mahali tambarare, dakika 20, kisha 30. Akiweza kutembea haraka nusu saa na kesho yake goti likaamka limetulia, achanganye: dakika moja kukimbia polepole, mbili kutembea. Kipimo ni asubuhi ya kesho. Ukiamka goti limejaa au linauma kuliko jana, ulizidisha. Rudi hatua moja, si mwanzo kabisa. Kwa maveterani wa mpira, mchezo wa kugeuka ghafla na kugongana, ningesema mwezi mzima, na mtu aweze kusimama kwa mguu mmoja na kuchuchumaa nusu bila maumivu kabla hajavaa njumu. Kocha na manahodha, msimwite “tumepungukiwa, ingia hata dakika kumi”. Dakika kumi za mtu asiyesikia maumivu zinatosha kuharibu alichobakiwa nacho.

Uzito nao una neno lake. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kilo tano tu, ambazo mtu huzipunguza kwa kuacha soda na kupunguza chipsi za usiku, ni kilo 20 kwa hatua. Ni ile ndoo ya maji tuliyoisema, umeitua.

Limebaki swali ninaloulizwa kila siku: ikiisha nguvu, nichome tena? Inawezekana, lakini kiungo kimoja kisichomwe zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka, na baina ya sindano na sindano ipite angalau miezi mitatu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa waliochomwa triamsinoloni gotini kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Kama sindano ya kwanza haikukupa hata wiki nne za nafuu, ya pili si lazima iwe jibu. Mwambie daktari atafute chanzo. Na kama umepangiwa kubadilishiwa goti, usichomwe ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, kwa sababu hatari ya vidudu huongezeka.

Tatizo ni kwamba watu wetu huchomwa Temeke mwezi wa pili, wakahamia kwa binti yao Kawe wakachomwa Mwananyamala mwezi wa nne, na hakuna daktari aliyejua habari ya mwenzake. Kwa hiyo leo, kabla hujaendelea na shughuli zako, tafuta lile daftari lako la kliniki. Andika tarehe ya sindano, kiungo gani na upande gani, jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, na nafuu ilidumu wiki ngapi. Kama hujui jina la dawa, rudi ulipochomwa uliulize, ni haki yako kupewa. Daftari hilo liende nawe kila hospitali.